Miguu Kumi Chini ya Matela

Miye nilisoma myaka tatu tu kwa Bapadri. Mwaka ya ine baba alisema poireau, ile mboga ya kama kitunguu, haingojake mutu amalize kalasi, nikarudi ku shamba kule Masereka, na kalamu yangu ikabakia pale. Donc, basi, mwenye atasoma hii kaye, hii daftari, anisamehe. Naandika vile nasemaka, na bibi yangu, mama ya batoto, anasema nasemaka mingi.

Nataka kuandika namna nilipoteza binti yangu wa pili, asubui moja ya vita, wakati nilikuwa nimehesabu batoto vizuri na hesabu ilikuwa sawa. Ile njo inaniuma mpaka leo. Kama nilikosea hesabu, ningesema ni masomo ilinikosa. Hapana. Hesabu ilikuwa sawa kabisa.

Lakini mbele ya kufika pale, lazima mujue miye ni mutu ya namna gani.

Miye naogopaka. Sisemi kuogopa masasi, ile kila mutu anaogopa. Miye naogopaka vitu yenye haiko. Tulikuwa tumeshuka kutoka Masereka, tunakaa Butembo, miye na bibi yangu, na binti wa kwanza akazaliwa. Nilikuwa natia kidole chini ya pua yake kila mara nione kama anapumua. Mutoto amelala vizuri, miye namwamusha juu ya kujua kama amelala. Analia, nafurahi. Bibi yangu ananiangalia tu. Mutoto akikohoa mara moja, miye nimeshavaa viatu ya kuenda ku dispensaire. Akikosa kukohoa siku mbili, najiuliza ile kikohozi imejificha wapi.

Muganga wa dispensaire alichoka na miye. Siku moja aliacha mutoto, akaanza kupima baba. Alinifunga kile kitambaa ya tansio ku mukono, akasikiliza, akasema moyo yangu inakimbia kama mutu mwenye kuiba kuku, mais ugonjwa hakuna. Akanipa vidonge vyeupe. Nilimeza siku mbili, nikatulia kabisa, siku ya tatu nikavitupa: miye nikitulia, nani ataangalia nyumba? Padri akaniambia nisali. Nilisali, lakini nilikuwa nasali na jicho moja wazi. Mama mukwe, yeye alisema ni uvivu tu, mutu mwenye kulima hana nafasi ya kuogopa, akanipa jembe na akanionyesha shamba yake. Ule mama njo alinisaidia kupita bote. Nilipokuwa nalima nilikuwa naogopa nusu tu, na yeye alivuna maharagi mingi ule mwaka.

Alafu vita ikafika. Nitasema neno moja ya haya: vita ilipofika, miye nilipumzika kidogo. Musinihukumu. Myaka yote ba jirani balikuwa bananicheka juu nilikuwa na mufuko tayari nyuma ya mulango, unga ndani, chumvi, viberiti mu nailo, na karatasi ya ubatizo ya batoto. Banapita banauliza, "Muzee, safari ni lini?" Sasa masasi ikaanza kulia, na kila mutu akakuwa kama miye. Bale bababa ba kunicheka bakaja mu lupango, mu uwanja ya nyumba yangu, sauti ya chini, kuniuliza namna ya kufunga unga isilowane. Niliwafundisha. Nilisimama pale kama mwalimu mukubwa. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu nilikuwa mutu wa kawaida, na ilibidi inchi yote iharibike juu ya miye kufika pale.

Ile ilikuwa vita ya kwanza. Ikapita, ikaja ya pili, na ile ya pili haikujua kupita. Mutu mwenye kutuamuru asubui hakuwa ule wa jana. Kamba ya bariere, ile ya kufunga njia, ilihama kutoka hii kona kuenda ile kona. Siye tuliendelea kuuza poireau, juu hata mwenye bunduki anapenda mboga mu supu. Batoto ilikuwa imefika sita. Na mu ile myaka njo nilianza kuhesabu. Nahesabu asubui, nahesabu ku meza, nahesabu mu misa wakati bengine banaimba. Nikimaliza kuhesabu, naita. Hesabu ni ya macho, na macho inadanganyaka. Mutoto akiitika, ile njo hakika.

Hapa nieleze kitu kwa mwenye hatoki kwetu. Siye Banande hatuchagulake jina ya kuzaliwa. Jina iko tayari, inamungoja mutoto. Wa kwanza akiwa binti, jina yake iko. Wa pili akiwa binti, yake iko. Wa tatu, wa ine, vile vile, na ba kijana bako na ya kwao. Padri anaongeza jina ya ubatizo, ile ya mu karatasi, lakini ku nyumba na ku kisima tunaitana na ile ya kuzaliwa. Sitaandika jina ya binti yangu. Mutu wa kwetu ameshaijua: ni ile ya binti wa pili. Simama mu soko ya Butembo, ita ile jina kwa nguvu, uone vichwa ngapi itageuka: mama wa kuuza samaki, masera, sista mwenye kutoka ku kanisa, na kamoja kachanga mu mugongo ya mama yake.

Ile jina njo nilikuwa naita kutwa kucha, pengine mara arobaini. Juu ya nini wa pili kupita bengine? Wa kwanza alikuwa anakaa karibu na mama yake. Bale badogo balikuwa na kelele, mutoto mwenye kelele hapotee. Lakini wa pili alikuwa na myaka kenda na alikuwa mutoto wa kimya. Anaenda pembeni, anachuchumaa, anaangalia vitu: siafu, maji yenye kupita chini ya mabati, majani yenye kufunguka. Namwita. "Niko." Nangoja kidogo, namwita tena. "Niko, papa." Siku ingine nilimwita na yeye alikuwa ameshika mukono yangu.

Basi, ile asubui. Masasi ilianza upande ya juu ya kartier, ya mutaa yetu, saa kumi na mbili, na ukungu ilikuwa nzito vile inakuwaka Butembo wakati ya mvua: unanyosha mukono na vidole vinakupotea. Kartier yote ilitoka mara moja. Bibi yangu alifunga kachanga mu mugongo, akakamata bidon ya maji, akaenda mbele na hakuangalia nyuma. Tulikuwa tumeshasikilizana kuenda Beni kwa ndugu yake. Binti wa kwanza alibeba sufuria. Na miye, mwenye mufuko tayari tangu myaka na myaka, mwalimu wa kufunga unga, munajua nilibeba nini? Matela, godoro yetu ya kulala. Mufuko ilibakia nyuma ya mulango.

Haikuwa hata matela muzuri. Panya ilikuwa imeikula upande ya miguu. Sijui. Mikono ilikamata kitu ya karibu, nikaiweka ku kichwa, ikakunjama mbele na nyuma, na kutoka pale nilikuwa naona udongo na miguu, basi. Donc nilihesabu miguu. Batoto tano ya kutembea, miguu kumi. Kila mara tukisimama kungojea batu bapite ku kadaraja: mbili, ine, sita, munane, kumi. Na juu ya hakika, naita wa pili.

"Niko," sauti inasema mu ukungu.

Tunaendelea. Tunasimama. Miguu kumi. Naita.

"Niko, papa."

Nilikuwa karibu na furaha. Siku zote ule mutoto alikuwa anaitika kama mutu mwenye kusukuma jiwe. Ile siku aliitika kama mutu mwenye kupewa sukari. Nilimwita pengine mara makumi tatu, na mara makumi tatu alijibu mbiombio, na sauti ya kufurahi. Nikajisemea, unaona, vita imefundisha mutoto heshima. Moyo yangu, ile mwizi wa kuku, ilianza kutembea polepole. Mu maisha yangu yote hakuna siku nilikuwa na hakika ya batoto kupita ile.

Ilipofika saa ine ya asubui tulifika ku kanisa kadogo ka mabati, ku njia ya Beni, na ukungu ikafunguka. Niliweka matela chini. Batoto bakatoa manailo na bikwembe, vile vitenge, balikuwa bamejifunika juu ya manyunyu. Sasa nikahesabu vichwa. Tano, na kachanga, sita. Sawa. Alafu kichwa moja ikageuka, ikaniangalia, na haikuwa ya kwangu.

Ilikuwa binti mwembamba, wa myaka kenda ao kumi, na pengo mbele. Alinichekea kidogo, na heshima yote. Miye nikageukia njia, nikaita binti yangu kwa nguvu yote.

"Niko," akasema ule mutoto mbele yangu.

Bibi yangu alikuja. Aliangalia ule mutoto, akaangalia miye. Ni mama wa kusema kila kitu, hata kwa mbuzi anasemaka. Alifungua kikwembe ya kachanga, akaifunga tena, akakaa chini ku matela. Miye niliona ile kuwa mbaya kupita masasi. Alafu akasema, sauti ya chini kabisa, "Papa ya batoto. Weye mwenye kuhesabu."

Nikauliza mutoto ni wa nani. Wa fundi wa velo, wa kutengeneza baiskeli, ule mwenye kutumikia ku kona nyuma ya kartier yetu. Nilimujua: mutu wa kusinzia mu kiti muchana, velo ya batu imelala kando yake, miguu juu. Nikamuuliza juu ya nini alikuwa ananijibu.

"Ulikuwa unaniita," akasema.

"Nilikuwa naita wa kwangu."

"Njo jina yangu."

Hakuna tribinali ya kumufunga juu ya ile. Nikamuuliza kama baba yake naye hakumwita mu njia. Akafikiri. Akasema baba yake hana desturi ya kuita mutu, anasemaka wenye miguu watafuata. Alafu akaangalia binti yangu wa kwanza, na binti yangu wa kwanza akaangalia ndani ya sufuria, na sufuria ilikuwa tupu. Pale nikajua kuko neno.

Neno ilitoka polepole, nusu kwa mumoja, nusu kwa mwingine. Ku kilima ya kwanza, mu ukungu, familia mbili zilikuwa zinatembea pamoja. Bale ba pili babili balijuana, balikuwa banachota maji ku kisima moja. Na wa kwangu alimwambia mwenzake: leo umujibie papa yangu, miye nimechoka. Kilima moja tu, alafu babadilishane tena. Mwenzake akaingia mu mustari yetu. Wa kwangu akaenda kutembea nyuma ya fundi wa velo, kule hakuna mwenye kuita mutu. Mais chini ya kilima njia ilikuwa inagawanyika mbili, ukungu ilikuwa vile ilikuwa, na siye tukashika moja, bo bakashika ingine. Batoto bangu bote balijua. Hata kale ka myaka ine kalijua, na kalikuwa kanacheka njia yote.

Nilimushika ule mutoto ku mukono, tukarudi. Bibi yangu alibakia na bengine pale ku kanisa, alisema hatatoka mpaka nirudi na ule mwenye alimuzaa. Munajua kurudi wakati kartier tatu zinakuja? Nilikuwa napita mu batu kama mutu mwenye kupanda muto ya Semuliki kwa miguu. Na nilikuwa naita. Nifanye nini tena? Naita, na kila familia inanijibu. "Niko," kushoto. "Niko," chini ya mufuko ya maharagi. Binti ba pili ba inchi yote baliitika ile siku, isipokuwa moja. Mama moja, mufanyabiashara wa samaki ya Kyavinyonge, na kitunga yake yote ku kichwa, alisimama kunihurumia.

"Papa, unatafuta wa pili?" akasema. "Kamata huyu wangu. Anakulaka sana, mais anaitikaka."

Batu bakacheka. Mutu anakimbia masasi, anasimama kucheka. Na miye nilicheka, mudomo tu.

Pale njia inagawanyika, ku mwanzo ya ile ya kushoto yenye siye hatukushika, kulikuwa bariere, kamba tu, miti mbili na kamba. Soda moja kijana, mwanajeshi, mutu wa mbali, wa provensi ingine, amekaa ku bidon na kaye ya masomo mu magoti. Walimwambia aandike kila mwenye kupita, na alikuwa anaandika kweli, maandiko muzuri kupita yangu. Akanifanyia mukono nikaribie. Nikamweleza natafuta mutoto. Akauliza jina. Nikasema.

Akaweka kalamu chini.

"Muzee, unanichekelea?" Akageuza kaye anionyeshe. Ile jina ilikuwa pale, mustari na mustari, kurasa yote. "Tangu asubui banapitisha mutoto moja tu ku hii kamba. Anapita, anarudi, anapita. Munamuficha nini?"

Nikamweleza desturi yetu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alisikiliza, akasema kwao jina ni ya mutu, hapana ya namba, na siye tungemwambia mbele ya kumaliza kaye. Alafu hasira ikamutoka. Alikuwa mutoto ya mutu, naye. Akasema basi, aache jina. Nimupe alama. Amevaa nini?

Nikafungua kinywa.

Miye baba yake. Nilijua siku ngapi homa ilimushika na miezi gani. Nilijua anapumua na kinywa akilala upande ya kulia. Nilijua vitu yote mbaya yenye ingeweza kumufikia, nilikuwa nimeipanga mu kichwa tangu alipozaliwa. Nguo yake ya ile asubui, sikuijua. Hata ya jana. Nilikuwa nimemuhesabu myaka na myaka, mara arobaini ku siku, na sikuwa nimemuangalia.

"Ana jipo, sketi bleu ya masomo," akasema ule mutoto wa fundi, mukono yake mu yangu. "Na mupira, sweta ya dada yake ya manjano, amekunja mikono mara tatu. Na ana chupa ya dawa yenye panzi ndani. Kifuniko ametoboa juu panzi ipumue."

"Ule wa panzi," akasema soda. "Alinionyesha. Amepita na muzee wa velo, njia ya kushoto." Akainua kamba. Akaniangalia, akaangalia mutoto, akauliza, "Muzee, na huyu je, una hakika hapana wako?"

Nikavuta mutoto, tukapita chini ya kamba.

Tulibakuta kisha nusu saa, mbele ya kaduka kenye kufungwa. Fundi alikuwa amegeuza velo ya mukimbizi moja, miguu juu, anatia raka, kale kiraka, ku shambreri, ile tube ya ndani. Inchi inaungua na yeye anatia raka. Batoto yake balikuwa banakula viazi. Na binti yangu, jipo bleu, mupira ya manjano, alikuwa amelala muchana mweupe, kichwa ku mufuko ya vyuma ya velo, chupa mu mukono. Masasi ilikuwa inasikilika mbali. Sikuwa nimemuona kulala vile kamwe. Kwangu angelala vile namna gani, na kidole chini ya pua?

"Karibu, jirani," fundi akasema. "Umenirudishia wangu. Ikaa, kula kiazi."

Nikamuuliza kama alijua yuko na mutoto wa mutu.

"Nilijua ku bariere. Niliona chupa. Wangu hana chupa."

"Na hukurudi?"

"Kurudi wapi?" Akazungusha gurudumu, akasikiliza namna inalia. "Nilisema, huyu baba yake ni ule mwenye kuita. Mutoto hawezi kupotea na baba kama ule, atakuja tu. Tukitembea miye na weye, tutapitana mu ukungu. Donc nikakaa." Akachukua pompi. "Jirani, woga yako inatosha kartier yote. Miye niongeze yangu juu ya nini?"

Nilitaka kumupiga na ile pompi. Nilikosa kumupiga juu ya sababu moja tu: alisema kweli. Nikakaa, nikakula kiazi. Lakini niliona kitu ingine. Binti yake alienda kukaa karibu naye, na yeye alisogeza muguu kumupa nafasi, hakumugusa, hakumuuliza kama aliogopa. Mutoto aliketi pale, na macho yake ilikuwa kwangu. Tangu ile siku sijui kusema nani kati yetu alikuwa baba mubaya. Naona tuligawana.

Binti yangu akaamuka. Hakushituka. Aliangalia chupa kwanza, alafu miye.

"Sikukimbia, papa," akasema. "Nilitaka kupumzika kidogo."

"Kupumzika na nini?"

"Na kuitika."

Fundi akainamia gurudumu yake sana, kama mutu mwenye kutafuta mwiba.

Nilimwambia niliogopa. Akasema anajua. Alisema vile mutu anasema anajua kama mvua itanyesha. Alafu akaniambia, polepole, naona alikuwa ameipanga mu njia, "Ukiniita mara tatu ku siku, nitaitika vizuri. Zote tatu."

"Na ikipita tatu?"

"Ikipita, ujue tu niko."

"Tano," nikasema.

"Tatu, papa."

Miye nimeuza poireau ku soko ya Butembo na bamama wenye kukata bei mpaka ulie, na hakuna moja alinishinda vile. Nikakubali. Fundi akasema yeye ni shahidi. Tulipoanza kuondoka, nikasahau, nikaita binti yangu, na bote babili bakasema "Niko". Ya leo ikabakia mbili. Sikugeuka kumuangalia ule mwingine. Nilipaswa kugeuka.

Bibi yangu alikuwa angali ku matela. Alipomuona mutoto alimupiga kofi moja, akamukumbatia, akaanza kusema, na alisema mpaka Beni.

Beni tulikaa miezi mingi kwa ndugu yake, nyumba ya vyumba mbili na batu kumi na ine. Nilishika ahadi. Sisemi niliishika kama mutakatifu. Nilizipanga zile tatu kama mutu mwenye viberiti tatu tu mu mufuko: moja ya asubui, moja ya muchana, moja ya magaribi. Katikati nilikuwa nauma mudomo. Na juu siwezi kuita, nilianza kumuangalia. Kila asubui nasoma nguo zake kama sala: jipo gani, mupira gani, mikono imekunjwa mara ngapi, mu chupa leo kuko nini. Ilikuwa bado woga, najua, nilikuwa namutengenezea soda wa bariere majibu. Mais ukiangalia mutoto kila siku juu ya woga, unaonaka na vitu ingine. Niliona anatembea na vidole ya miguu akiona kitu muzuri. Niliona anazungumuzaka na panzi, na kwa panzi hakuwa mutoto wa kimya hata kidogo.

Alafu siku moja nilikosea. Ilikuwa siku mbaya tangu asubui. Alienda nyuma ya nyumba, nikaita. Mbwa alipita, nikaita. Pikipiki moja ilipiga kelele ku barabara, nikaita. Chai haikuwa imepoa na miye nilikuwa nimemaliza zote tatu.

Saa saba masasi ikaanza upande ya soko. Batu bakajaa barabara. Bibi yangu akafunga kachanga, shemeji yangu akafunga mulango, na miye nikahesabu mu lupango: moja, tatu, ine, tano, sita. Wa pili hakuna. Nikasimama pale, kinywa wazi. Jina ilikuwa ku ulimi. Nitasema kweli, nilikuwa naenda kuita. Ni baba gani angeshika ahadi ya mutoto wa myaka kumi na masasi inalia? Hewa ilikuwa imeshajaa mu kifua.

Akatokea ku kona ya jiko, mbio, kikwembe ya kijani, shati nyeupe yenye kukosa kifungo, chupa mu mukono.

"Niko," akasema. "Usiite, papa. Niko."

Akanishika mukono. Tulitoka na batu bote, njia ya kusini. Ile mara nilikuwa nimebeba mufuko, ile ya kweli, na matela ilibakia Beni kwa panya. Nilikuwa naona mbele, hakuna kitu ku kichwa, bote sita nabaona. Na hata vile nilikuwa nauma mudomo, na jina yake iko nyuma ya meno. Alitembea na miye kipande mukubwa. Alafu akainua kichwa.

"Papa," akasema, "unaweza kukamata moja ya kesho."

Nikaita. Akaitika, hapo hapo, mukono yake mu yangu. Na nyuma yetu mu batu, ba pili bengine ine ao tano bakaitika naye.